Kidole kimeumia: Soma fomu kabla ya kutia sahihi

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini kidole kimoja kikipitiwa na msumeno kinaweza kuifilisi nyumba nzima, hasa bima inapokataa kulipa.

Tuseme wewe ni fundi wa mbao katika karakana moja ya Gikomba, jijini Nairobi. Jumanne asubuhi ubao unateleza kwenye meza ya msumeno wa umeme, na kidole chako cha shahada cha mkono wa kushoto kinakatwa hadi mfupani. Wenzako wanakifunga kitambaa na kukukimbiza hospitalini. Daktari mpasuaji anaunganisha kano mbili, neva moja na mfupa uliovunjika. Siku tatu baadaye unarudi nyumbani ukiwa na kidole chako, na unamshukuru Mungu.

Wiki sita baadaye barua inakuja. Kampuni ya bima inasema italipa sehemu ndogo tu ya bili. Kwenye fomu, wanasema, kumeandikwa "jeraha la kidole" na "kushonwa." Bili nayo ni ya upasuaji mkubwa. Tena hakuna mahali palipoandikwa kwamba uliumia ukiwa kazini.

Hakuna aliyesema uongo hapo. Daktari alifanya kazi yake vyema, na karani wa hospitali aliandika alichokiona kwenye faili. Kilichokosekana ni maneno machache na nambari mbili tatu. Kwa sababu ya hizo, deni limerudi mlangoni kwako.

Makala haya yanakueleza namna jeraha la kidole linavyogeuzwa kuwa nambari na kisha kuwa bili, na unachoweza kufanya wewe mgonjwa, au jamaa yake, kabla mambo hayajaharibika.

KIDOLE SI KITU KIDOGO

Watu wengi hushtuka wanapoona bili ya kidole imekaribia ya mguu uliovunjika. Ili uelewe sababu, tazama mkono wako.

Kidole hakina msuli wa kukikunja ndani yake. Misuli mikubwa ya kazi hiyo iko kwenye mkono, kati ya kiwiko na kifundo, na huvuta kidole kwa kamba ngumu zinazoitwa kano. Kila kimoja cha vidole vinne kina kano mbili za kukikunja. Gumba lina moja. Vidole vinne vina pingili tatu kila kimoja; gumba lina mbili. Pande zote mbili za kidole hupita neva ya kukupa hisia na mshipa wa kupeleka damu.

Vitu vyote hivyo vimebanana katika nafasi ndogo. Kano hupita ndani ya mfereji mwembamba, na kati ya kiganja na pingili ya katikati kano zote mbili hutumia mfereji huo mmoja. Sterling Bunnell, mpasuaji mashuhuri wa Marekani, alipaita mahali hapo nchi isiyo na mwenyewe, kwa kuwa kano zikishonwa hapo zilikuwa zikigandamana na kidole kubaki kigumu. Leo hushonwa, lakini kwa uangalifu mkubwa, kwa uzi mwembamba sana na kwa miwani ya kukuza.

Mnamo Januari 2018 madaktari wa Hospitali Kuu ya Kenyatta waliurudisha mkono wa kijana wa miaka 17 uliokuwa umekatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Kazi hiyo ilichukua takriban saa saba. Kidole kimoja si mkono mzima, lakini ufundi ni wa aina ile ile: mfupa, kano, neva, mshipa wa damu, ngozi. Kila hatua ni kazi peke yake, na kila kazi ina bei yake.

Kwa hiyo neno "kushonwa" likibaki peke yake kwenye fomu, linaficha karibu kila kitu kilichofanyika. Ngozi iliyochanika hushonwa. Kano mbili na neva ni habari nyingine.

NAMBARI ZINAZOSEMA KWA NIABA YAKO

Afisa wa bima anayeamua kama bili yako italipwa hajakuona wala hajakiona kidole chako. Anachokiona ni karatasi, au siku hizi kioo cha kompyuta, chenye nambari. Wataalamu huziita misimbo.

Mfumo unaotumika sana duniani ni ule wa Shirika la Afya Duniani (WHO). Asili yake ni orodha ya sababu za vifo iliyotayarishwa na Mfaransa Jacques Bertillon mwaka 1893. Toleo la 10 liliidhinishwa mwaka 1990, na toleo la 11 lilianza kutumika rasmi Januari 1, 2022. Mifano tunayotoa hapa ni ya toleo la 10. Ukikuta nambari za sura nyingine kwenye fomu yako usishangae, kwa maana kanuni ni ile ile.

Katika toleo la 10, majeraha ya kiganja na vidole yako chini ya herufi S, kuanzia S60 hadi S69. Tazama tofauti zake:

S61.0 ni kidonda cha wazi cha kidole ambacho hakikuharibu ukucha.

S62.5 ni kuvunjika kwa gumba, na S62.6 ni kuvunjika kwa kidole kingine.

S64.4 ni jeraha la neva ya kidole kisicho gumba.

S66.1 ni jeraha la kano ya kukunja kidole kisicho gumba.

S68.0 ni kukatika kwa gumba, S68.1 ni kukatika kwa kidole kingine kimoja, na S68.2 ni kukatika kwa vidole viwili au zaidi.

Sasa rudi kwa fundi wetu wa Gikomba. Ikiwa faili inasema tu "kidonda cha kidole," karani ataandika S61.0. Afisa wa bima ataona kidonda cha kawaida, kisha ataona bili ya saa nyingi za thieta, na atauliza maswali. Ikiwa daktari ameandika kwamba kano zote mbili za kukunja zilikatika, neva ya upande mmoja ilikatika na pingili ya katikati ilivunjika, karani ataandika S66.1, S64.4 na S62.6. Bili na jeraha vitalingana.

Ni muhimu kufahamu kwamba karani haruhusiwi kukisia. Hawezi kuandika msimbo wa jambo ambalo daktari hakuliandika, hata kama yeye mwenyewe alikuona ukivuja damu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na matibabu ni vivyo hivyo.

KIDOLE KIPI, CHA MKONO UPI?

Angalia tena orodha hiyo. Utaona kwamba toleo la 10 la WHO linatenganisha gumba na vidole vingine tu. Halisemi kama ni kidole cha shahada au cha pete, wala kama ni cha kulia au cha kushoto. Hayo ni lazima yaandikwe kwa maneno.

Wamarekani walilitatua tatizo hilo kwa njia yao. Wao wana orodha nyingine, ya kazi anazofanya daktari, ambayo ilianzishwa na chama chao cha madaktari mwaka 1966. Kila kazi ina nambari ya tarakimu tano. Kuunganisha kano ya kukunja katika ile nchi isiyo na mwenyewe ni 26356, na nambari hiyo huhesabiwa kwa kila kano. Kwa hiyo daktari akiandika "kano ziliunganishwa" bila kusema ni ngapi, mwenye kutayarisha bili hana msingi wa kudai zaidi ya moja.

Kisha huongeza alama ya kidole chenyewe. FA ni gumba la kushoto. F1 ni kidole cha shahada cha kushoto, na alama huendelea hivyo hadi F4, kidole cha mwisho cha kushoto. F5 ni gumba la kulia, na F9 ni kidole cha mwisho cha kulia. Alama hiyo moja ikikosekana au ikikosewa, madai yanaweza kurudishwa, kwa sababu mashine ya bima ikiona kazi ile ile imedaiwa mara mbili siku moja, hudhani ni marudio. Haijui kwamba ni vidole viwili tofauti.

Hapa Kenya, walipaji wana orodha zao za bei, wala hulazimiki kuzijua alama za Wamarekani. Funzo ni lile lile: hakikisha upande, jina la kidole, pingili na idadi ya kano vimetajwa kwenye ripoti ya upasuaji. Hili pia ni jambo la usalama. Faili inayosema "kidole" bila upande inaweza kumponza daktari wa zamu inayofuata.

TARAKIMU MOJA YA MAHALI

Zaidi ya kusema umeumia nini, misimbo husema umeumiaje. Nambari za namna hiyo zilizo chini ya herufi W ni za ajali kama vile kuanguka, kukatwa na kubanwa. W30 ni mashine za shambani, ile ya kukatia majani ikiwamo. W31 ni mashine nyingine, kama huo msumeno wa mezani.

Baada ya nukta huongezwa tarakimu moja ya mahali. Sufuri ni nyumbani. Sita ni kiwandani au mahali pa ujenzi. Saba ni shambani. Kwa hiyo W31.0 inasema mtu alikatwa na mashine akiwa nyumbani kwake, na W31.6 inasema alikatwa akiwa kiwandani. Tofauti ni tarakimu moja, lakini ndiyo inayoweza kuamua ni nani atakayelipa.

Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake. Mfanyakazi akiumia kazini, gharama zinazofaa za matibabu, upasuaji ukiwamo, ni za mwajiri. Sheria hiyo inamhusu aliyeajiriwa kwa ujira pamoja na mwanagenzi anayejifunza kazi. Mwajiri anatakiwa kuripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika muda wa siku saba baada ya kupata habari. Nawe unatakiwa kuwasilisha madai yako katika muda wa miezi 12 tangu siku ya ajali.

Kuna jambo jingine. Kidole kisipopona kabisa, sheria hiyo hutoa fidia ya ulemavu wa kudumu. Hesabu huanza na mapato ya miezi 96, kisha hutolewa asilimia inayolingana na ulemavu. Jedwali la sheria hulitenganisha gumba na vidole vingine, na hutazama ni pingili ngapi zimepotea. Tuseme mshahara wako ni Sh20,000 kwa mwezi. Miezi 96 ni Sh1,920,000. Kila asilimia moja, basi, ni Sh19,200. Daktari akiandika "ncha ya kidole" mahali ambapo pingili mbili zimepotea, unaweza kuona mwenyewe ni pesa ngapi zimepotea pamoja nazo.

Usidhani kwamba ukiwa na bima nyingine jambo hili halikuhusu. Halmashauri ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 1, 2024, hukusanya asilimia 2.75 ya mapato, na mchango wa chini ni Sh300 kwa mwezi. Hiyo ni haki yako, lakini haimwondolei mwajiri wajibu wake. Nazo baadhi ya bima za kibinafsi hukataa kulipia majeraha ya kazini, zikisema bima ya mwajiri ndiyo inayohusika. Mgonjwa asiyeandikisha mahali alipoumia anaweza kujikuta amekataliwa na pande zote mbili.

Wengine huambiwa na msimamizi wao, "Sema uliumia nyumbani, tutakusaidia kimyakimya." Kataa. Msaada wa kimyakimya huisha bili ya pili inapokuja, na maneno uliyotia sahihi hubaki kwenye faili.

UREMBO AU KUREKEBISHA?

Hapa ndipo wazazi wengi huangukia. Bima nyingi hazilipii upasuaji wa urembo. Upasuaji wa kurekebisha, yaani wa kurudisha kazi ya kiungo, ni jambo tofauti. Tatizo ni kwamba, kwenye karatasi, hayo mawili yanaweza kufanana.

Chukua mfano wa mtoto aliyeshika jiko la makaa. Kidonda kilipona, lakini kovu limekivuta kidole cha kati kikajikunja. Mwaka mmoja baadaye mama anampeleka hospitalini, na kwenye ombi la idhini ya bima panaandikwa "kuondoa kovu la kidole." Msimbo unaofuata ni L90.5, kovu la ngozi. Afisa wa bima anasoma "kovu," anafikiria urembo, na anakataa.

Sasa tuseme daktari ameandika hivi: "Kidole cha kati cha mkono wa kulia hakinyooki kwa sababu ya kovu la moto. Kifundo cha katikati kina upungufu wa nyuzi 40 katika kunyooka. Mtoto hawezi kushika kalamu wala kikombe." Msimbo utakuwa T95.2, yaani athari iliyobaki ya kuungua mkono. Kovu ni lile lile na mtoto ni yule yule. Lakini sasa karatasi inaeleza kiungo kisichofanya kazi.

Vivyo hivyo kwa mtoto aliyezaliwa na kidole cha sita, ambacho msimbo wake ni Q69.0, au aliyezaliwa na vidole vilivyounganishwa na ngozi, Q70.1. Hizo ni kasoro za kuzaliwa, na zina nambari zake. Upasuaji wa kubadilisha sura tu una nambari tofauti kabisa, Z41.1. Ukiiona hiyo kwenye fomu ya mtoto wako asiyeweza kushika kalamu, uliza upesi imefikaje hapo.

Hatusemi daktari atie chumvi. La hasha. Kuandika kisichokuwepo ni udanganyifu, na wewe uliyetia sahihi utakuwa umeshiriki. Tunasema yaandikwe yaliyo kweli, na yaandikwe yote: kidole kinafanya nini, hakifanyi nini, na kinakunjika kwa nyuzi ngapi. Picha mbili, moja kidole kikiwa kimenyooshwa kadiri kinavyoweza na nyingine kikiwa kimekunjwa, husaidia sana.

UPASUAJI WA PILI

Kidole kilichoumia vibaya mara nyingi hakitengenezwi kwa siku moja. Huenda kano ikagandamana na kuhitaji kufunguliwa miezi kadhaa baadaye. Huenda ukahitaji kuwekewa ngozi au kano kutoka sehemu nyingine ya mwili.

Upasuaji wa pili una hatari yake kwenye karatasi. Ikiwa daktari mpya ataandika tu "kidole kilichopinda," msimbo utakuwa M20.0, kama vile maradhi yaliyokuja yenyewe. Uhusiano na ajali umekatika. Bima ya mwajiri inaweza kusema huo ni ugonjwa mpya usioihusu.

Mfumo wa WHO una nambari maalumu za kuzuia hilo. T92.5 ni athari iliyobaki ya jeraha la msuli na kano ya mkono. T92.6 ni athari iliyobaki ya kupondeka au kukatika. Maana yake ni kwamba tatizo la leo ni mtoto wa ajali ya jana. Ili karani aziandike, ni lazima daktari aitaje ajali ya kwanza pamoja na tarehe yake. Kwa hiyo nenda na karatasi zako zote za zamani. Usitegemee kumbukumbu, yako wala ya hospitali.

Jambo jingine linalosahaulika ni mazoezi. Kano iliyounganishwa hulindwa kwa gango kwa takriban wiki sita, na kazi nzito huruhusiwa baada ya miezi mitatu hivi. Katika muda huo mazoezi yanayosimamiwa na mtaalamu wa viungo ndiyo yanayoamua kama kidole kitakunjika au kitabaki kama kijiti. Hata hivyo, maombi mengi ya idhini hutaja thieta na kitanda tu. Gango na mazoezi huachwa nje, mgonjwa anashindwa kulipa, na kidole kinaganda. Mwombe daktari ayaweke yote katika barua moja tangu mwanzo.

KUSOMA BILI YENYEWE

Siku ya kuruhusiwa, omba bili iliyochanganuliwa, si jumla peke yake. Utaona ada ya mpasuaji, ada ya daktari wa kulaza, thieta, vyuma na nyuzi, dawa, eksirei, kitanda, gango. Soma mstari kwa mstari.

Kwanza, tazama kama kazi moja imehesabiwa mara mbili. Katika kanuni za Marekani, kwa mfano, kufunga kidonda baada ya upasuaji ni sehemu ya upasuaji wenyewe wala hakudaiwi peke yake. Daktari aliyefungua ngozi kuifikia kano ni lazima aifunge. Ukikuta "kuunganisha kano" kisha chini yake "kushona kidonda" cha mahali pale pale, uliza kwa upole hiyo ya pili ni ya nini. Huenda kulikuwa na kidonda kingine. Huenda ni kosa.

Pili, uliza kama ziara za baadaye za kubadilisha bandeji na kutoa nyuzi zimo katika ada ya mpasuaji. Katika bima ya serikali ya Marekani ya wazee, ada ya upasuaji mkubwa hujumuisha ziara za kawaida za siku 90. Kwetu makubaliano hutofautiana, kwa hiyo uliza kabla, si baada.

Tatu, linganisha bili na ripoti ya upasuaji. Kidole ni kile kile? Upande ni ule ule? Vyuma viwili vilivyodaiwa ndivyo viwili vinavyoonekana kwenye eksirei?

Usione haya kuuliza. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuona habari zinazokuhusu, na habari za afya ni miongoni mwa zile zinazolindwa zaidi.

YA KUKUMBUKA

Jeraha likitokea, matibabu kwanza. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Mambo ya karatasi yasikucheleweshe njiani. Kama kipande cha kidole kimekatika, kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha uweke mfuko huo juu ya barafu. Barafu isiguse nyama.

Ukishapokelewa, wewe au jamaa yako mwambie anayeandika: ni saa ngapi, ni mahali gani, ni mashine gani, na ulikuwa ukifanya kazi ya nani. Taja mkono unaoutumia kuandika au kushika nyundo.

Mjulishe mwajiri siku hiyo hiyo, kwa maandishi ikiwezekana. Ujumbe wa simu ni maandishi pia, usiufute.

Kabla ya kutia sahihi fomu yoyote, isome. Kama hujui Kiingereza kilichoandikwa, mwombe mtu akusomee. Kama mkono wako umefungwa na hauwezi kuandika, hiyo si sababu ya kuharakishwa.

Kabla ya kuondoka, chukua nakala ya ripoti ya upasuaji, ya muhtasari wa matibabu, ya bili na ya eksirei. Ziweke katika bahasha moja, na usimpe mtu nakala yako ya mwisho.

Madai yakikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi sababu ni msimbo usiolingana au neno lililokosekana, na hilo hurekebishwa na daktari yule yule kwa barua moja fupi. Kama ni bima ya kibinafsi na hamwelewani, unaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Kama ni SHA, sheria yake imeweka jopo la kusuluhisha mizozo. Kama ni fidia ya kazini na hukuridhika na uamuzi wa Mkurugenzi, una siku 60 za kuupinga.

Fundi wetu wa Gikomba alirudi hospitalini na barua yake ya kukataliwa mkononi. Daktari aliisoma, akafungua faili, akaandika mistari mitano: kidole cha shahada, mkono wa kushoto, kano mbili, neva moja, pingili ya katikati, msumeno wa umeme, karakanani, Jumanne saa nne asubuhi. Alipomaliza alimpa fundi aisome kwanza. Fundi aliisoma yote, kisha akatia sahihi kwa mkono wa kulia.